Menyu Nene ya Mgiriki wa New Jersey

Menyu ya daina ya Kigiriki, yaani mgahawa wa kawaida wa Kimarekani ambao mwenyewe ni Mgiriki, hufika mezani kabla ya maji ya kunywa. Ni kitabu kizima: kurasa zimevikwa plastiki na kushonwa kwa waya, picha za vyakula zimejaa pembezoni, na hapa na pale kuna kibandiko cheupe chenye bei mpya juu ya bei ya zamani. Kurasa za mwanzo ni za mayai: ya kukaangwa upande mmoja, ya kugeuzwa, ya kuvurugwa, ya kukunjwa na uyoga au na mchicha na jibini ya feta. Zinafuata pankeki, na mikate iliyochovywa kwenye mayai na maziwa. Ukidhani umefika mwisho, unakutana na baga, tambi za Kiitaliano, supu ya kuku ya Kiyahudi yenye matonge ya unga wa matzo, samaki wa kuchoma, steki, mishikaki ya Kigiriki, pai ya mchicha, biringanya na nyama ya kusaga vilivyookwa kwa matabaka, kisha ukurasa mzima wa keki. Chochote kati ya hivyo unaweza kukiagiza saa yoyote mlango ukiwa wazi. Anayetaka steki saa moja asubuhi atapewa, na anayetaka mayai saa tatu usiku atapewa vilevile.

Wapo wanaoibeza menyu hiyo. Wapenzi wa migahawa ya kisasa husema kuwa anayepika kila kitu hakuna anachokipika vizuri. Mimi naitetea kwa moyo wote, na sababu yangu ni familia yangu.

Jumapili, baada ya ibada, huwa tunakwenda kula katika daina moja iliyo kando ya barabara kuu namba 22, kwenye viunga vya magharibi ya Newark. Ni ule mlo ambao Wamarekani wanauita branchi: chai ya asubuhi na chakula cha mchana vimekutanishwa kati ya saa nne na saa nane, siku ambayo hakuna anayewahi kazini. Mimi ni Mbondei wa Muheza, Mwanglikana. Mume wangu ni Mwislamu wa Tanga mjini, hali nguruwe wala hataki mayai yake yaguse mahali palipokaangwa nguruwe. Kijana wetu mkubwa yuko kwenye umri ambao chakula humwishia mbele ya macho kabla wengine hawajanawa. Binti yetu ameacha nyama kwa hiari yake. Mdogo wao anakula pankeki tu, na ukimpa kitu kingine atakiangalia mpaka kipoe. Na tangu mwaka jana yupo mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea akiwa na zaidi ya miaka sabini, ambaye kwake chakula cha asubuhi ni chai ya maziwa iliyochemka vizuri na kitu cha kutafuna, na chakula cha mchana bila wali ni mzaha.

Nyumbani, meza hiyo inataka mpishi mwenye moyo wa chuma. Ugenini, kila mgahawa mwingine unamlazimu mmoja wetu ajinyime. Kwa Mhindi, mdogo analia. Kwa Mchina, mume wangu anauliza maswali mpaka mhudumu anachoka. Penye baga, binti anakula chipsi kavu. Daina ndiyo nyumba pekee ninayoijua Marekani ambako watu sita wenye dini mbili, vizazi vitatu na masharti yao wanakaa meza moja, kila mtu anakula anachokitaka, na hakuna anayetazamwa kama msumbufu. Unene wa ile menyu ndio unaoleta amani hiyo. Walioiandika walijua kuwa familia haikubaliani kuhusu chakula, na waliamua kuwa hilo ni tatizo la jikoni, lisiwe la mezani.

Niliwahi kumwuliza mpishi, kijana wa Guatemala aliyetoka nje kupunga upepo, inawezekanaje jiko dogo vile litoe vyakula vingi vile. Alinieleza kwa vidole. Anavyo vitu vichache tu, akasema, ila vinabadilishana nafasi. Mchicha uleule unaingia kwenye mayai, kwenye pai na kando ya samaki. Feta ileile iko kwenye saladi na kwenye mayai ya kukunjwa. Kuku wa kuchemshwa asubuhi anatoa supu, nyama yake inakwenda kwenye mkate, kwenye saladi, kwenye tambi. Viazi vilivyochemshwa jana usiku vinakatwa vipande na kukaangwa na vitunguu na pilipili hoho kwa ajili ya kila sahani ya mayai. Katikati ya yote lipo bapa refu la chuma lenye moto chini, ambalo mwenye mkono mzoefu hupika juu yake mayai ya meza nne kwa mara moja, upande mmoja pankeki, upande wa pili nyama. Oda zinasomwa kwa lugha ya mkato ambayo mgeni haielewi. Jumapili saa tano na nusu, wakati ibada zimekwisha makanisani na foleni imefika mlangoni, nimehesabu dakika toka kuagiza hadi sahani kutua na mara nyingi hazifiki kumi na tano.

Kwa mume wangu tunaomba mayai yapikwe kwenye kikaango cha pembeni. Hawajawahi kukataa. New Jersey ina nyama yake ya nguruwe ya asubuhi inayopendwa kupita kiasi, iliyoanzishwa na John Taylor wa Trenton mwaka 1856, na vipande vyake vya mviringo huwa vimejaa kwenye bapa siku nzima, kwa hiyo ombi hilo si dogo kwa mtu mwenye oda arobaini mbele yake.

Wasomaji walioko nyumbani wataniuliza Wagiriki wameingiaje hapo. Daina yenyewe hawakuibuni wao. Mwaka 1872, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, mtu aitwaye Walter Scott, aliyewahi kufanya kazi ya kuchapa magazeti, alifunga farasi kwenye gari la mizigo, akaliegesha usiku nje ya ofisi za gazeti na kuwauzia wafanyakazi wa zamu ya usiku mikate, mayai ya kuchemsha, pai na kahawa. Migahawa yote ya mjini ilikuwa imeshafunga saa hizo. Wengine wakaiga. Magari yakapanuliwa, yakapata dirisha, kisha mlango, kisha kaunta na viti vya kuzunguka ili mteja aingie akae asinyeshewe. Baadaye magurudumu yakabaki kwa ajili ya safari ya kwanza tu: nyumba nzima ilijengwa kiwandani, ikasafirishwa kwa reli au barabara hadi kwenye kiwanja, ikaunganishwa maji na umeme, ikafunguliwa. Viwanda vikubwa vya kazi hiyo vilikuwa huku huku New Jersey, kama kile cha Jerry O'Mahony na kile cha Kullman. Ndiyo maana daina za zamani ni nyembamba na ndefu, zimevikwa chuma king'aacho, na ukikaa ndani unajisikia umepanda behewa.

Viwanda hivyo viliuza kwa mkopo. Mtu mwenye akiba ndogo alitoa kianzio, akalipa kidogo kidogo kutokana na mauzo. Kwa mhamiaji ambaye benki haimjui jina, huo ulikuwa mlango. Waayalandi, Waitaliano, Wayahudi na Wajerumani waliupitia. Wagiriki nao walikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakianza kwa kuosha vyombo, kung'arisha viatu na kuuza peremende mitaani, lakini mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowapa Wagiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Nchi nzima, watu mia moja. Mkondo ukakauka kwa miaka mingi.

Tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru jijini New York, na ule ugawaji wa nafasi kwa kufuata taifa la mtu ukafutwa. Aliyekuwa na ndugu Marekani sasa aliweza kuitwa. Halafu Aprili 1967 wanajeshi wakapindua serikali huko Ugiriki, na vijana wengi ambao tayari walikuwa na sababu ya kuondoka wakapata nyingine. Katika miaka kumi na tano hivi iliyofuata, zaidi ya Wagiriki laki moja waliingia Marekani. Wengi walishukia Astoria, mtaa wa Queens jijini New York, ambako mjomba au binamu alikuwa na jiko, na kazi ya kuosha sahani haikuhitaji Kiingereza. Kutoka sahani mtu alipanda kukata viazi, kutoka viazi kwenda kwenye bapa. Baada ya miaka michache, ndugu watatu wanachanga, wananunua daina ya Mwayalandi anayestaafu. Waliponunua waliongeza vyakula vyao kwenye menyu, ila hawakuondoa vya wenyeji. Mteja wa Kiyahudi alibakiwa na supu yake, Mwitaliano na tambi zake, na Mgiriki akajiwekea pai yake ya mchicha katikati. Wakabomoa na ule mtindo wa behewa, wakajenga kumbi pana zenye matao, mawe ukutani, vioo na makochi ya kutazamana ya ngozi ya plastiki, ambamo familia yenye watoto inaenea.

Hata kikombe cha kahawa kikavaa Ugiriki. Mwaka 1963 Leslie Buck, mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Czechoslovakia aliyenusurika kambi za mateso za Auschwitz na Buchenwald, alichora kikombe cha karatasi chenye rangi ya buluu na nyeupe, mtungi wa kale wa Kigiriki na maneno ya kumwambia mteja kuwa wanafurahi kumhudumia. Aliwalenga wenye daina wa New York, na walikinunua kwa mamilioni. Bado utakiona mikononi mwa watu asubuhi kwenye treni.

Mama yangu alipoambiwa mwenye mgahawa ni Mgiriki, aliweka uma chini. “Mgiriki kama wale wa mkonge?”

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu wasomaji vijana huenda hawajui. Reli ya Tanga kwenda Moshi ilipitia katikati ya mashamba ya mkonge, na miongoni mwa wenye mashamba hayo walikuwemo Wagiriki. Baadhi walikuja zama za Mjerumani, kwenye ujenzi wa reli, wakabaki. Wengine walilima kahawa Kilimanjaro na Arusha, wengine tumbaku Iringa. Arusha waliacha shule, na Dar es Salaam kanisa lao la Kiorthodoksi. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye korona, yaani kiwanda cha kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, katika shamba la mmoja wao karibu na Muheza. Mama alikulia kambini, pamoja na watoto wa manamba walioletwa kutoka Songea, Kigoma na hata Burundi. Anakumbuka kipande, ile kadi ya kazi ambayo ilikuwa haijajaa mpaka siku thelathini za kazi zitimie, na mtu akiugua zilisogezwa mbele. Anakumbuka harufu ya maji machafu ya korona. Na anamkumbuka Mgiriki mwenyewe: kaptura ya kaki, kofia pana, Land Rover, na mke aliyefuga kuku weupe ambao watoto walikatazwa kuwakimbiza. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Yule bwana akaondoka na familia yake, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Basi huyo ndiye Mgiriki ambaye mama alimjua: mtu wa juu, asiyeguswa. Na sasa mbele yake alipita mzee mwenye mvi, shati jeupe limekunjwa mikono, taulo begani, amebeba sahani nne za mayai kwenye mkono mmoja kwa sababu mhudumu mmoja hakuja kazini. Alipomaliza kuzitua, alikuja mezani kwetu kusalimia, kama anavyofanya kwa kila meza yenye mzee.

“Muulize,” mama akaniambia, “kama ana jamaa zake Tanga.”

Nikamuuliza. Hakuwa na jamaa Tanga. Alitoka kijiji cha milimani katika Peloponnese, akafika Queens akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akaosha vyombo kwa mjomba wake akilala kwenye chumba juu ya jiko. Kijijini kwao, alisema, watu walikwenda popote palipokuwa na mtu wao: Melbourne, Ujerumani, Chicago. Shangazi yake aliolewa Congo, katika mji ambao leo ni Lubumbashi, na kila Pasaka alituma picha akiwa amesimama kwenye duka la vitambaa. Yule mzee alikuwa akizitazama picha zile akiwa mtoto na kudhani kuwa Afrika yote ni duka hilo. Akauliza mkonge ni mmea gani. Nikamchorea jani lenye mwiba kwenye karatasi ya kuwekea sahani, nikamweleza kuwa kamba za meli nyingi zilitoka kwenye mmea huo. Mama akaingilia, nami nikawa mkalimani tu.

Alimweleza kila kitu. Kipande, korona, kuku weupe, kaptura ya kaki. Hakupunguza makali: alisema wazi kuwa baba yake alizeeka mapema kwa kazi ya hao Wagiriki. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, taulo mikononi. Hakujitetea wala hakuwatetea. Alisema kuwa baba yake mwenyewe alichunga mbuzi wa watu wengine mpaka akafa, na kwamba hakuwahi kusikia habari ya Wagiriki wenye mashamba makubwa. Alidhani Wagiriki wote waliosafiri waliosha vyombo. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe na wao walitoka kwao kutafuta.” Nilipomfasiria, mzee alivuta kiti akaketi. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, naye aliketi.

Nimeyafikiri mazungumzo hayo mara nyingi. Mgiriki wa Muheza na Mgiriki wa barabara namba 22 waliondoka kwenye nchi moja yenye mawe mengi na ardhi kidogo. Mmoja alifika mahali ambapo serikali ya kikoloni ilimkuta ni mweupe ikampa ardhi na watu wa kuilima. Mwingine alifika mahali ambapo alikuwa mgeni wa chini kabisa, akalazimika kujifunza kila mtu anapenda kula nini. Kilichowatofautisha ni mlango walioingilia, na mlango huo haukuwa wao kuuchagua. Mimi pia niliingia Marekani kwa mlango uliofunguliwa na watu nisiowajua: bahati nasibu ya viza iliyowekwa na sheria ya 1990. Nikiiona menyu ile nene, naona kazi ya mtu aliyeingilia mlango wa chini na akaamua awe mkarimu kwa wote waliokuwa ndani.

Kwenye chai ndiko tulikokaribia kushindwana. Wamarekani huleta kikombe cha maji ya moto, pakiti ya majani kando kwenye kisosi, na vikopo vidogo vya maziwa baridi. Mama aliyatazama akauliza kama ni ya kunawia. Mhudumu wetu, mama wa Ecuador anayewaita wateja wote “mpenzi wangu”, aliona uso wake akauliza kuna nini. Nikamweleza chai ya kwetu. Hakuandika kitu. Alirudi na jagi la chuma la maziwa yaliyochemshwa kwa mvuke wa mashine ya kahawa, pakiti tatu za majani zikiwa zimeshatiwa ndani, na mdalasini aliouchukua jikoni, kwa sababu wao hunyunyiza mdalasini juu ya wali wa maziwa. Mama akaonja. “Mwanangu, Mungu akuzidishie,” akamwambia kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kihispania, na hakuna aliyeniomba nifasiri. Tangu siku hiyo jagi hilo linakuja lenyewe.

Wali wa maziwa wenyewe ndio ulioivuta roho ya mama. Hutolewa umepoa kwenye bilauri fupi: mchele uliopikwa polepole kwenye maziwa na sukari mpaka ukalainika, ganda la limau, mdalasini juu. Wagiriki huwapa watoto na wagonjwa. Siku nyingine mama huagiza supu ya kuku na mchele inayozidishwa uzito kwa mayai na maji ya limau yaliyopigwa pamoja, ambayo mpishi lazima aiondoe motoni kabla ya kuyatia mayai, la sivyo yanaganda mabonge. Pai ya mchicha ameipitisha kuwa sambusa ya watu wasio na haraka. Binti yangu anaigawana naye nusu kwa nusu, na hiyo ndiyo sahani pekee Marekani ambayo wawili hao hukubaliana juu yake.

Neno kuhusu malipo, kwa sababu wageni hutatizika. Hesabu huletwa mezani, lakini katika daina nyingi unalipa kwenye kaunta karibu na mlango, penye bakuli la peremende na kabati la vioo lenye keki ndefu kuliko kichwa cha mtoto. Bakshishi unaiacha kwa mhudumu, na isiwe chini ya asilimia kumi na tano. Sisi huacha ishirini. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, kwa hesabu kuwa wateja watajazia. New Jersey na majimbo mengine yameweka kiwango cha juu zaidi, lakini hata hapo mama yule wa Ecuador anaishi kwa tunachokiacha mezani. Usiondoke bila kuacha kitu ukidhani bei imeshajumlisha.

Nyumba hizi zinapungua, na jambo hilo linaniuma. Kabla ya 2020 nyingi zilikuwa wazi usiku na mchana. Nikitoka zamu ya usiku hospitali nilipata mayai na chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito na jibini, chakula cha wana New Jersey wa usiku wa manane, saa ambayo hakuna kwingine. Janga la korona, ule ugonjwa, liliwafungisha mapema, na wengi hawakurudi kwenye saa ishirini na nne. Machi 2025, baada ya mafua ya ndege kuua kuku wengi, bei ya wastani ya dazeni moja ya mayai Marekani ilifika dola 6.23. Fikiria mgahawa ambao nusu ya menyu yake ni mayai. Kiwanja kikubwa kando ya barabara kuu kina thamani kuliko pankeki zinazouzwa juu yake, na wenye maduka ya dawa na mabenki wanabisha hodi kila wiki. Tena watoto wa Wagiriki wamesoma. Binti wa mzee wetu ni daktari wa meno, na kijana wake ni mhandisi Boston. Aliwasomesha ili wasibebe sahani, na hawabebi. Kuna wahamiaji wapya, Wamisri, Waturuki, Waalbania na wapishi wa Kilatini waliopanda, ambao wananunua daina na kuendelea nazo, na ninaombea wengi wafanikiwe. Kwa Waturuki niliowaona, pai ya mchicha haikuondolewa, na ukurasa mmoja mpya umeongezwa.

Kwa hiyo ukija kumtembelea mwanao huku, mwambie akupeleke. Nendeni kabla ya saa nne na nusu asubuhi au baada ya saa saba na nusu mchana, vinginevyo mtasimama mlangoni na wazee mikononi. Siku ya Akina Mama msiende kabisa, maana foleni inafika kwenye maegesho. Kwa mzee asiye na meno imara agiza supu ya limau au wali wa maziwa. Asiyekula nguruwe aseme mapema na aombe kikaango cha pembeni, kwa sababu hata viazi hukaangwa palepale. Kahawa ukishalipia kikombe cha kwanza huongezwa bila malipo mpaka uweke kiganja juu yake. Chai muiombe hivi: maziwa yachemshwe, majani yatiwe humo humo ndani, na kama kuna mdalasini jikoni, watie.